Vidonge katika mashindano ya gemu: Nani yuko tayari kumeza?

MWEZI Julai mwaka 2015 mchezaji mmoja aitwaye Kory Friesen, ambaye miezi michache kabla alikuwa akiichezea timu ya Cloud9 ya Marekani, alihojiwa mbele ya kamera akasema wazi jambo ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona tu. Alisema kwamba katika mashindano ya Katowice, Poland, ya mwezi Machi mwaka ule, yeye na wenzake wote katika timu walicheza wakiwa wamemeza Adderall. Akaongeza kuwa yeyote aliyesikiliza namna walivyokuwa wakisemezana mchezoni angeweza kutambua. Hayo ni maneno yake, na wenzake hawakupimwa. Lakini yalitosha kuitikisa dunia nzima ya mchezo ule.

Na mchezo wenyewe si mbio, si baiskeli wala si kunyanyua vyuma. Ni gemu ya kompyuta. Vijana watano wanakaa kwenye viti, mbele yao vioo, masikioni wamevaa visikilizio, wanapambana na vijana wengine watano katika vita ya kwenye kioo iitwayo Counter-Strike. Atakayebofya mapema kwa sehemu ndogo ya sekunde ndiye anayebaki hai. Zawadi ya mashindano yale ilikuwa dola 250,000 kwa jumla, na ubingwa ulichukuliwa na timu ya Fnatic ya Sweden. Kwa hiyo waliosemwa kuwa wamemeza vidonge hawakushinda. Hilo tutalirudia.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, sisi yanatuhusu nini mambo ya watoto wa Ulaya wanaocheza gemu? Swali zuri. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na ninayajua mabanda ya gemu yaliyozunguka mitaa yetu kwa sababu wanafunzi wangu wengine hujifunzia huko mengi kuliko wanayojifunza kwangu. Kijana wa kidato cha tatu anajua zawadi ya mashindano ya Riyadh kabla hajajua idadi ya nguzo za Swala. Mwaka 2024 zawadi za mashindano hayo ya Riyadh, yaitwayo Kombe la Dunia la michezo ya aina hiyo, zilizidi dola milioni 60 kwa jumla. Mwaka 2019 mtoto wa miaka 16 wa Marekani alishinda dola milioni 3 peke yake mjini New York kwa mchezo wa Fortnite. Shindano la mchezo wa Dota 2 lililoanza mwaka 2011 na zawadi za dola milioni 1.6 lilikuwa limevuka dola milioni 40 ilipofika mwaka 2021. Kijana anayasoma hayo kwenye simu, kisha anaangalia kazi anayoifanya baba yake, anapiga hesabu.

Basi mmoja wao akaniuliza darasani: "Ustadh, hicho kidonge hakileweshi. Anayemeza haanguki, hatukani watu, anacheza vizuri tu. Sasa ubaya wake uko wapi?" Swali hilo halijibiwi kwa neno moja, na kijana akijibiwa kwa neno moja hukunyamazia kwa adabu kisha huenda kutafuta jibu kwingine.

Kidonge chenyewe

Sisi kwa Kiswahili tumezoea kusema dawa za kusisimua misuli au dawa za kuongeza nguvu. Majina hayo yanatupoteza hapa, maana kinachosisimuliwa si msuli bali ni ubongo. Adderall ni mchanganyiko wa chumvi za amfetamini. Madaktari wa Marekani huwaandikia watoto na watu wazima wenye maradhi ya kutoweza kutulia na kuzingatia jambo, pia wenye maradhi ya kusinzia ovyo mchana. Kwao ni tiba, na inawasaidia. Kazi yake ni kuongeza katika ubongo kemikali kama dopamini na noradrenalini, zile zinazomfanya mtu awe macho, aone hamu ya kazi na ashikamane na jambo moja. Pamoja na hayo moyo unakwenda mbio, presha inapanda, hamu ya chakula inakatika, usingizi unapaa, na mwili huizoea dawa hata mtu akawa hawezi kukaa bila hiyo. Sheria ya Marekani imeiweka katika kundi la dawa zinazodhibitiwa vikali.

Msomaji wa huku kwetu nitamweleza kwa mfano ulio karibu naye. Anaijua mirungi. Ndani ya jani la mirungi mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho umbile lake la kikemia ni ndugu wa amfetamini. Ndiyo sababu dereva wa usiku huitafuna, na ndiyo sababu kathinoni imo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni lililoundwa mwaka 1999. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa jambo hili limekuja na intaneti. Babu zetu walijua watu waliokesha kwa jani.

Hatari kubwa ya kitu cha aina hii naiona katika kifo cha Tom Simpson. Huyu alikuwa Mwingereza, mwendesha baiskeli hodari, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965. Tarehe 13 Julai 1967, katika mashindano ya Ufaransa, siku ya joto kali, alianguka akipanda mlima wa Ventoux, akainuliwa, akapanda tena baiskeli, akaanguka mara ya pili asiinuke. Mwilini mwake walikuta amfetamini na pombe. Watu husema dawa ilimpa nguvu kupita kiasi. Mimi nafahamu vingine. Uchovu ni kengele ambayo Mwenyezi Mungu ameifunga ndani ya mwili ili imwambie mtu akae chini, na amfetamini huinyamazisha kengele ile ilhali moto bado unawaka. Kijana aliyekaa kwenye kiti hatapanda mlima, ni kweli. Lakini anayekaa saa kumi na mbili mbele ya kioo bila kula, bila kulala, moyo ukimdunda, naye kengele yake imenyamazishwa.

Na iko dawa nyingine inayofanya kinyume chake. Propranololi hutumiwa na wagonjwa wa presha na moyo. Hupunguza mapigo na kutuliza mikono inayotetemeka. Kwa mlenga shabaha hiyo ni mali. Mwaka 2008 mjini Beijing mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa nayo. Nimeitaja ili tuelewe kuwa mtu akitaka kushinda kwa njia ya mkato hatafuti lazima kitu kikali. Hutafuta kinachoufaa mchezo wake, na mchezo wa gemu unataka jicho lisilofumba na mkono usiotetemeka.

Je, kinasaidia kweli?

Hapa wahadhiri wetu wengi hukimbilia kusema havisaidii chochote, ni sumu tu. Mimi siipendi njia hiyo. Kijana akigundua kuwa ulimdanganya katika hili hatakuamini katika lile. Ukweli ni kwamba jambo lina pande mbili.

Watafiti wa Ujerumani waliwajaribu wachezaji 39 wa chesi, mchezo ambao nao ni wa kukaa na kufikiri. Waliwapa kwa zamu modafinili, ambayo ni dawa ya kuondoa usingizi, methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, kafeini, na kidonge kisicho na dawa ndani. Si mchezaji wala aliyempa aliyejua siku ile amepewa kipi. Wakacheza na kompyuta michezo zaidi ya 3,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliomeza dawa walifikiri kwa muda mrefu zaidi katika kila mchezo, na kwa sababu hiyo saa iliwaishia wakapoteza michezo mingi kwa kuchelewa. Watafiti walipoiweka kando ile michezo iliyopotea kwa saa, ndipo ikaonekana kuwa wenye dawa walicheza vizuri zaidi kidogo.

Mtu atazame vizuri habari hii. Dawa haikumfanya mchezaji kuwa mwerevu. Ilimfanya azame. Kwenye chesi ya saa nyingi kuzama kunafaa. Kwenye mchezo unaokatwa kwa sehemu ya sekunde, kuzama kunaweza kukuua. Yule wa Katowice hakutwaa ubingwa. Lakini pia siwezi kumwambia mwanafunzi kuwa mtu anayesinzia akimeza kitu cha kumwamsha hatacheza vizuri kuliko alipokuwa akisinzia. Atacheza. Na hapo ndipo mtihani ulipo, kwa sababu kama dawa isingefaa kitu hata mara moja, pasingekuwa na haja ya kuizungumzia haki wala hila.

Swali la Goldman

Sasa tuingie katika kiini. Yuko daktari wa Marekani, Bob Goldman, aliyewauliza wanamichezo wakubwa swali moja la kutisha tangu mwaka 1982, akalirudia mara kwa mara hadi mwaka 1995. Kwa maneno yangu lilikuwa hivi: tuseme iko dawa ambayo ukiimeza utashinda kila shindano, hutakamatwa, lakini baada ya miaka mitano utakufa. Utaimeza? Kila alipouliza, takriban nusu walijibu ndiyo.

Nusu! Habari hii ikazunguka dunia nzima na inahubiriwa mpaka leo kuonesha kuwa wanamichezo ni watu walioparamiwa na wazimu. Nami niliisikia hivyo chuo kikuu. Lakini watafiti wengine walilirudia swali lile kwa wanariadha 212 wa ngazi ya juu huko Amerika ya Kaskazini, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliokubali kumeza na kufa walikuwa wawili. Wawili kati ya 212.

Hawakuishia hapo, na hili ndilo linalonifanya niwasifu. Waliligeuza swali. Walipoondoa kifo, dawa ikabaki ni haramu kisheria lakini haina madhara, waliosema ndiyo walifika 25. Kisha wakakirudisha kifo, ila dawa ikawa halali kwa mujibu wa sheria za mchezo. Waliosema ndiyo wakawa 13.

Nimewaandikia wanafunzi wangu namba hizo tatu ubaoni, 2, 25 na 13, nikawaacha wazitazame. Wengi waliiona ile 25 tu: ukiondoa hofu ya kifo, watu huongezeka. Hilo halishangazi. Kwangu mimi namba nzito ni 13. Watu hawa wameambiwa watakufa, kifo kiko palepale, kilichobadilika ni kwamba mchezo umeruhusu. Basi kutoka 2 wakawa 13. Maana yake ni kuwa wako watu ambao kilichokuwa kikiwazuia si hofu ya kaburi. Ni ile kanuni tu, neno "hairuhusiwi". Wanaosema kanuni ni karatasi, kwamba mwenye kutaka atafanya tu, watupe jibu juu ya hao 11.

Lakini je, mtu akiulizwa kuhusu dhambi yake husema kweli? Swali hili limewashughulisha watafiti, nao wakatumia hila moja nzuri ya hesabu ambayo napenda kuieleza kwa kuwa hata asiyependa hesabu ataifurahia. Mwaka 2011 waliwaendea wanamichezo zaidi ya 2,000 katika mashindano mawili: ubingwa wa dunia wa riadha mjini Daegu, Korea Kusini, na Michezo ya nchi za Kiarabu mjini Doha, Qatar. Kila mmoja aliambiwa afikirie moyoni tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayemjua. Ikiwa tarehe hiyo iko kati ya 1 na 10 ya mwezi, ajibu swali jepesi: je, mtu huyo amezaliwa katika nusu ya kwanza ya mwaka? Ikiwa ni baada ya tarehe 10, ajibu swali zito: je, katika miezi 12 iliyopita umetumia kwa makusudi kitu kilichokatazwa? Anabonyeza ndiyo au hapana. Anayesoma jibu hajui kabisa ni swali lipi limejibiwa. Hata mkewe akiliona hajui.

Sasa chukua wanamichezo 300. Theluthi moja, yaani kama 100, watakwenda kwenye swali jepesi, na nusu yao, kama 50, watasema ndiyo. Waliobaki 200 wako kwenye swali zito. Ukihesabu ndiyo zote ukapata 140, ondoa zile 50, zinabaki 90 katika watu 200. Ni asilimia 45. Humjui hata mmoja, lakini kundi zima umelijua.

Walipofanya hivyo wakapata kwamba Daegu walioungama walikuwa kama asilimia 43.6, na Doha asilimia 57.1. Hata walipoyakata makadirio yao kwa tahadhari, hayakushuka chini ya asilimia 30 Daegu na 45 Doha. Vipimo vya mkojo na damu kwa kawaida huwanasa wanamichezo kama mmoja au wawili tu katika mia. Matokeo hayo yalikaa miaka kabla ya kuchapishwa rasmi mwaka 2017, na kila mwenye akili anaweza kukisia kwa nini hayakuwa na haraka. Na kwetu sisi ile ya Doha inauma zaidi, kwa sababu wale ni ndugu zetu, nchi zao zina adhana mara tano kwa siku.

Hivyo ukilinganisha swali la wazi na swali la kificho unapata picha mbili. Najua si swali lile lile: moja linauliza ungefanya nini, jingine linauliza umefanya nini. Hata hivyo nachelea kuwa watu 212 walipoulizwa juu ya kifo walijipima kwa kifo, ilhali dukani hakuna auzaye kidonge chenye kifo cha miaka mitano kilichoandikwa kwenye kasha. Kinachouzwa ni usiku mmoja wa kukesha. Utayari haununuliwi kwa jumla, huuzwa rejareja.

Vipimo na mipaka yake

Baada ya maneno ya Friesen, waandaaji wa mashindano yale, kampuni ya ESL ya Ujerumani, walishirikiana na taasisi ya nchi hiyo ya kupambana na dawa michezoni iliyoko Bonn, na mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2015 wakaanza kupima mate ya wachezaji katika mashindano ya Cologne. Wote waliopimwa walikutwa safi. Mwaka 2016 kikaundwa chombo cha kusimamia uadilifu wa michezo hiyo, ESIC, ambacho kina orodha fupi ya vitu vilivyokatazwa, karibu vyote ni vya kuamsha ubongo: amfetamini, methilifenideti, modafinili. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari huruhusiwa kuomba kibali mapema.

Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba mate hupimwa siku ya shindano, ukumbini. Mechi nyingi za kuchuja huchezwa mtu akiwa chumbani kwake, na mazoezi ya miezi huwa huko huko. Nani atampima huko? Isitoshe mchezo huu una dawa yake nyingine isiyopimika kwa mate. Mwaka 2018 mjini Shanghai mchezaji mmoja wa timu ya India alikamatwa katikati ya mechi akiwa na programu iliyofichwa ndani ya kompyuta, inayomsaidia kulenga shabaha. Alifungiwa miaka mitano. Yeye hakumeza kitu. Aliimezesha mashine.

Nasi hapa Afrika Mashariki hatuna pa kujificha. Kenya iliunda taasisi yake ya kupambana na dawa hizi kwa sheria ya mwaka 2016, ina wanariadha wanaopimwa mwaka mzima, na bado bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 2016, Jemima Sumgong, alifungiwa mwaka 2017, na Ruth Chepngetich, aliyevunja rekodi ya dunia ya wanawake mjini Chicago mwaka 2024, akafungiwa miaka mitatu mwezi Oktoba 2025. Hawa ni watu wazima waliojua vipimo vipo. Mbio moja ikishinda inanunua shamba, inasomesha wadogo zake, inajenga nyumba ya mama. Sisemi hivyo kuwatetea. Nasema tusilizungumze jambo hili kana kwamba ni tamaa ya mtu mmoja, ilhali nyuma ya mtu huyo wako kumi wanaosubiri atume pesa na hawaulizi zilipatikanaje.

Kwa upande wa sheria yetu

Namrudia kijana wangu na swali lake. Amesema kidonge hakileweshi. Sawa, nakubali. Anayekiita pombe moja kwa moja anakivisha hukumu isiyokienea, na wanavyuoni hawakuwa wakifanya hivyo. Mfano ni huo huo wa mirungi. Katika karne ya 16 wanavyuoni wa Yemen walihitilafiana kuhusu jani hilo, wengine wakiliharamisha, wengine wakiliruhusu, hata wakampelekea swali Ibn Hajar al-Haytami aliyekuwa Makka. Aliandika risala nzima juu yake. Tatizo alilolikuta ni kuwa watumiaji wenyewe walimpa ushahidi unaopingana: huyu anasema linamchangamsha kwa ibada, yule anasema linamharibu. Kwa hiyo hakulikatia uharamu wa moja kwa moja, bali aliwahimiza watu walikwepe. Utaratibu huo naupenda. Aliuliza kwanza kitu chenyewe kinamfanya nini mtu.

Kwa hiyo kwenye kidonge cha mchezaji mimi siingilii mlango wa ulevi. Naingilia milango miwili mingine. Wa kwanza ni madhara, na hayo nimeshayataja: mwili ni amana, na mzima hana ruhusa ya kuuchezea dawa ya mgonjwa. Wa pili ni ghishi. Kila mwanafunzi wangu anaijua habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka akakuta chini limelowa ilhali juu ni kavu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Tazama kwamba hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Kosa lilikuwa kuficha. Mchezaji aliyeingia ukumbini na kidonge tumboni ameweka nafaka kavu juu. Mpinzani wake amekubali kushindana na mkono na jicho lake, hakukubali kushindana na kiwanda cha dawa. Na zawadi atakayoichukua kwa njia hiyo ni mali ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu mwenye maradhi ya kweli hayumo katika hukumu hii. Amepewa dawa na daktari, amewaambia wasimamizi, wameruhusu. Lundo lake liko wazi. Naomba sana walimu wenzangu wasije wakamtia mtoto wa namna hiyo aibu mbele ya wenzake, maana tunao mashuleni na wengi wao hatuwajui hata kama wanaumwa. Tunawaita watukutu tu na kuwachapa.

Akaniuliza mwingine: "Na kahawa je, Ustadh?" Darasa likacheka, kwa sababu wananijua. Nilimweleza kuwa kafeini ilikuwa imewekewa kiwango na ilikatazwa mtu kukipita, kisha mwanzoni mwa mwaka 2004 ikaondolewa katika orodha, wakabaki kuifuatilia tu. Kikombe cha kahawa unakinywa mbele ya mpinzani wako, na yeye ana chake. Ila vile vinywaji vya makopo ambavyo kijana anakunywa vitano usiku mmoja ili asilale, nimewaambia kuwa hapo suala la ghishi halipo lakini suala la madhara limebaki palepale.

Niliwafanyia pia lile zoezi la tarehe ya kuzaliwa, swali zito likiwa: je, umewahi kumeza kitu ili ukeshe, kwa gemu au kwa mtihani? Matokeo siyaandiki, kwa sababu hesabu ile inataka mamia ya watu, na darasa la watu 40 linaweza kukudanganya kwa kubahatisha tu. Lakini kilichonifaa si hesabu. Baada ya kipindi wawili walinifuata msikitini, kila mmoja kwa wakati wake, wakanieleza yao bila kuulizwa. Mmoja alikuwa akipewa vidonge na rafiki anayekesha bandani; hakujua hata jina la dawa, anajua rangi yake tu. Tumekwenda naye kwa daktari.

Likizo hii vijana wa mtaani kwetu wameandaa shindano la mpira wa gemu, timu za mitaa minne. Ratiba ya kwanza ilikuwa mechi zianze baada ya Isha hadi alfajiri, kwa kuwa usiku hakuna joto na umeme hauchezi. Na kila mchezaji alitakiwa kuweka shilingi elfu mbili, mshindi azoe zote, jambo ambalo ni kamari hata kama mtu hakumeza chochote. Tulikaa nao mimi na wazazi watatu. Nikawauliza kijana wa miaka 15 atakaaje macho mpaka alfajiri bila kutafuta cha kumsaidia. Wamekubali mechi zianze asubuhi na ziishe kabla ya Magharibi. Fedha ya zawadi mzazi mmoja mwenye duka amesema ataitoa yeye, ila wenyewe bado wanaona bila kiingilio watu hawatacheza kwa bidii. Hilo tunaendelea kulizungumza nao.